Winchi ya Kubebeka na Mzoga wa Mnyama Mkubwa



Katika mkutano mmoja wa polisi na wananchi uliofanyika hapa Kampala, mzee mmoja ambaye riziki yake ni kuvuta magari yaliyoharibika barabarani alisimama akatuuliza: “Afande, mimi ninayo winchi ndogo ya petroli. Wamenijia vijana wanataka kuikodi kwa siku mbili. Wanasema wanakwenda upande wa Mburo kumvuta nyati atakayewindwa na mgeni wao. Je, nikiwapa, nimetenda kosa?” Baadhi ya waliohudhuria walicheka, wakidhani mzee anatania. Sisi hatukucheka. Swali lilikuwa la haki, na jibu fupi hatukuwa nalo. Somo la toleo hili ndilo jibu tulilomwahidi siku ile, na tumelipanua kidogo kwa faida ya askari wenzetu wanaosimama kwenye vizuizi vya barabarani, maana wao nao hukutana na vyombo hivi nyuma ya magari wasijue waulize nini.

Tuanze na jambo moja ambalo watu wazima wanalikumbuka. Zamani, mnyama mkubwa akianguka porini, haikuwezekana mtu mmoja wala wawili kumwondoa. Nyati dume aliyekomaa hufikia kilo 600 hadi 800. Pofu dume huweza kumzidi. Kiboko ni tani moja na nusu, na dume kubwa hupita hapo. Kwa hiyo iliwapasa watu kuitana. Walikuja kwa wingi wao, wakakata kamba za miti, wakavuta kwa wimbo kama wavuvi wa Ggaba wanavyovuta mtumbwi ufukweni. Na palipo na watu wengi pana macho mengi. Kila aliyeshika kamba alijua mnyama ni wa nani, ameuawa na nani, na kama alianguka kwa silaha au alikutwa tayari amekufa. Mzee wa kijiji angeweza kusema, “Huyu msimguse,” na wakamsikia.

Winchi ya kubebeka imeondoa haja ya umati huo. Mashine yenye uzito wa kilo 16 hivi, ambayo kijana mmoja huibeba mgongoni kama gunia la mahindi, huweza kuvuta mzigo wa tani moja. Watu wawili wanaweza kuingia bondeni alfajiri wakatoka na mnyama kabla kijiji hakijaamka. Hatusemi kwamba chombo hiki ni kibaya. Wakulima huvutia magogo, mafundi huvutia magari, na sisi wenyewe tumefaidika nacho penye ajali. Tunachosema ni kwamba maswali yaliyokuwa yakiulizwa na umati sasa hayana wa kuyauliza, isipokuwa yule anayeshika kamba na yule anayekodisha mashine.

Swali la kwanza ni la sheria, nalo tutalipitia kwa ufupi kwa kuwa tumeliandika mara nyingi. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Uganda mwaka 1979. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, yaani UWA, iliundwa mwaka 1996, na mwaka 2001 uwindaji wa kitalii uliruhusiwa kwa majaribio katika mashamba ya mifugo yanayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Kusudi lilikuwa kwamba mfugaji ambaye punda milia na swala pala hula majani ya ng’ombe wake aone faida ya kuwaacha hai, badala ya kuwahesabu kuwa wezi. Basi si kweli kwamba kila mwindaji ni jangili. Upo uwindaji halali, wenye kibali, wenye idadi ya wanyama iliyopangwa na wenye msimamizi.

Lakini pia si kweli kwamba mnyama aliyeingia shambani mwako ni wako. Kwa sheria yetu, mnyamapori ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, na huwa mali ya mtu pale tu anapopatikana kwa kibali. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliongeza uzito wa adhabu: kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka, mahakama inaweza kutoa kifungo cha maisha au faini inayofikia shilingi bilioni 20. Wapo waliodhani hayo ni maneno ya kutishia watoto. Mwezi Oktoba 2022, mahakama maalumu ya mambo ya wanyamapori hapa Kampala ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha maisha kwa kosa la pembe za ndovu, hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini. Na ikumbukwe kwamba anayesaidia kosa kwa kujua huhesabiwa pamoja na mkosaji, na vyombo vilivyotumika huweza kutaifishwa, iwe ni gari, bunduki au winchi ya kukodi.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Winchi za kubebeka zinazoonekana kwetu ni za aina tatu. Ipo ya mkono yenye wenzo, ambayo mafundi wengi huiita Tirfor hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Hii hushika waya wa chuma kwa meno ya ndani na kuuvuta kidogo kidogo kila wenzo unaposukumwa. Ipo ya umeme inayofungwa mbele ya gari na kutumia betri. Na ipo ya petroli, ndogo, yenye ngoma inayozunguka: kamba haikai ndani yake, bali huzungushwa mara tatu au nne juu ya ngoma, na mwendeshaji huvuta mkia wa kamba kwa mkono. Akilegeza mkia, mvuto hukoma. Uzuri wa aina hii ni kwamba urefu wa kamba hauna mpaka. Unaweza kuvuta mita 100 bila kusimama. Ubaya wake ni kwamba penye mteremko, mkia ukiachwa ghafla mzigo hurudi nyuma, na aliyesimama chini yake hana pa kukimbilia.

Mtu akinunua winchi husoma namba iliyoandikwa ubavuni akadhani hesabu imekwisha. Haijaisha. Tuchukue nyati wa kilo 700. Kwenye nyasi kavu za tambarare, nguvu inayohitajika kumburuta ni kiasi cha nusu ya uzito wake au zaidi kidogo, tuseme kilo 400. Mpandishe kilima cha mwinuko wa nyuzi 30, na nguvu hiyo hupanda hadi kukaribia uzito wake wote. Mwingize kwenye tope la ukingo wa ziwa, na tope humshika kama mdomo unavyonyonya. Hapo hesabu ya karatasi haitoshi. Kisha pembe yake ikinasa kwenye kisiki, mashine haijui kwamba imenasa. Itaendelea kuvuta hadi kufikia kikomo chake, na kama kipo kitu dhaifu kati ya mashine na kisiki, kitu hicho ndicho kitakachokatika.

Ndiyo maana waliotengeneza winchi ya mkono waliweka kwenye wenzo pini za usalama, laini kwa makusudi, zivunjike mzigo unapozidi. Pini ikivunjika, mashine inakuambia kwamba umekosea hesabu. Fundi wetu hufanya nini? Huokota msumari au boliti ngumu akaitia mahali pa pini, kisha akajisifu kwamba chombo chake sasa hakisumbui. Tumewahi kukagua winchi penye ajali ya lori tukakuta boliti ya namna hiyo, na waya uliokatika ukiwa umelala upande wa pili wa barabara. Kijana aliyekuwa akisukuma wenzo alivunjika mkono. Wenzake walisema waya ulikuwa wa zamani, nao ulikuwa wa zamani kweli. Lakini pini halali ingevunjika kabla ya waya.

Njia iliyo bora kuliko kulazimisha ni kutumia kapi. Kapi likifungwa kwenye mzigo, na kamba ikapita ndani yake kisha ikarudi na kufungwa karibu na mashine, nguvu ya kuvuta huwa karibu maradufu na mwendo hupungua nusu. Mwenye haraka hulichukia kapi. Mwenye akili hubeba mawili. Hata hivyo kapi lina siri moja ambayo wengi hawaijui. Likifungwa kwenye mti ili kugeuza kamba na kuirudisha ilikotoka, mti ule haubebi nguvu ya kamba moja, bali ya kamba mbili. Winchi ikivuta tani moja, mti unabeba tani mbili. Kamba ikikunjwa kwa pembe mraba tu, mti hubeba karibu tani moja na nusu. Kwa hiyo mti uliotosha kuwa nanga ya mashine huenda usitoshe kuwa nanga ya kapi, na ukanda wa kufungia nao uchaguliwe kwa hesabu hiyo.

Nanga ni mti mzima wenye mizizi, ufungwe chini kabisa karibu na ardhi, kwa ukanda mpana wala si kwa waya unaokata gome. Mti mkavu usiaminiwe hata ukiwa mnene. Kichuguu si nanga, ingawa tumeshaona watu wakikizungushia mnyororo. Pasipo na mti, gari huweza kutumika, breki zikiwa zimefungwa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Kamba ya nailoni iachwe nyumbani: hunyumbuka kama mpira, na ikikatika humrudia mtu na nguvu yote iliyoihifadhi. Kamba ya poliesta iliyosukwa maradufu hainyumbuki sana, ndiyo ifaayo kwa winchi ya petroli. Waya wa chuma ushikwe kwa glavu za ngozi, na ukionekana umechanika nyuzi au umejikunja, huo umekwisha kazi.

Mzoga wenyewe una namna yake ya kuvutwa. Kwanza ithibitike kwamba ni mzoga. Nyati aliyeanguka amewaua wengi waliomwendea wakiwa wameshaanza kumhesabu kuwa nyama. Mwindaji mwenye kibali humfikia kwa nyuma, silaha ikiwa tayari, na kumgusa jicho kwa fimbo ndefu kabla ya mwingine yeyote kusogea. Kisha kamba hufungwa kwenye shina la pembe, kichwa kitangulie, ili manyoya yalale kwa upande wa mwendo na kichwa kisichimbe ardhi. Miguu ya mbele hukunjwa na kufungwa. Vigogo vya migomba vikitandikwa mbele yake husaidia sana, kwa kuwa ni laini na huteleza, na havigharimu kitu. Akiwa ni mnyama mzima wa afya aliyeuawa kwa kibali, kumtoa matumbo kwanza hupunguza robo hadi theluthi ya uzito, na nyama haiharibiki upesi kwa joto.

Kuhusu mahali pa kusimama, hapa tunaomba askari wasome mara mbili. Kamba iliyokazwa ni hatari kwa urefu wake wote, pande zote mbili. Mtu asisimame karibu nayo kuliko urefu wake, asiivuke, asiikalie, asiielekeze kwa mguu. Penye kapi, kamba hufanya umbo la pembe. Ndani ya pembe hiyo asiingie mtu kwa sababu yoyote, maana kapi likiachia, kamba yote hupita hapo. Tupeni koti zito au blanketi katikati ya kamba, ili ikikatika ianguke chini badala ya kuruka. Mwendeshaji awe mmoja, mtoa ishara awe mmoja, na wengine wanyamaze. Tunajua jinsi watu wetu wanavyojaa mnyama au gari likivutwa kando ya barabara: boda boda zinasimama, watoto wanakaa mbele, kila mtu ana amri yake. Kazi ya kwanza ya askari afikapo hapo si kuuliza vitambulisho. Ni kusimamisha mashine, kisha kuwarudisha watu nyuma.

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba kila mzoga unafaa kuvutwa. Upo usiofaa kuvutwa kabisa, hata kwa mashine bora duniani, na hili ndilo lililotufanya tumwambie yule mzee kwamba jibu letu litachukua muda.

Mwaka 2004 na 2005, viboko walianza kufa katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, magharibi mwa nchi. Walikufa kwa mamia. Ugonjwa ulikuwa kimeta, na mwaka 2010 ulirudi tena huko huko ukaua viboko wengine kwa makumi. Kimeta hakibagui: huua kiboko, nyati, ng’ombe, mbuzi na mtu. Mwaka 2023, katika wilaya ya Kyotera, watu walifariki baada ya kushika au kula nyama ya ng’ombe waliokufa ghafla. Kyotera si mbali. Mabasi yake hufika Kampala kila siku, na nyama husafiri kama abiria.

Ni lazima ieleweke kinachotokea mzoga wa kimeta unapoguswa. Ukiachwa mzima, ngozi ikiwa haijapasuliwa, vijidudu vilivyomo ndani hufa kwa wingi kadiri mwili unavyooza, kwa kukosa hewa. Ukipasuliwa, au ukiburutwa juu ya mawe na miiba hadi ngozi ikachanika, damu hukutana na hewa, na vijidudu hujivika ganda gumu linalostahimili jua, mvua na miaka. Ganda hilo hukaa udongoni kwa makumi ya miaka likisubiri mnyama mwingine aje kula majani. Kwa hiyo anayemburuta kiboko mfu mita 200 kutoka majini hadi barabarani huacha nyuma yake mstari wa kaburi, na mifugo ya jirani italisha juu yake wajukuu wakiwa wamekuwa watu wazima.

Dalili haziko mbali na macho. Mnyama amekufa ghafla bila jeraha. Tumbo limevimba upesi. Damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma. Mwili haukukakamaa kama ilivyo kawaida. Lakini raia asijifanye daktari. Inatosha kujua kwamba hakuna aliyemwona mnyama huyo akiuawa. Ipo pia sumu. Mwezi Aprili 2018, simba 11, wakiwemo watoto wanane, walikutwa wamekufa kwa sumu katika hifadhi hiyo hiyo ya Queen Elizabeth. Sumu ya kuulia simba huwekwa kwenye nyama, na nyama hiyo haina alama inayomwonya binadamu.

Mzoga ambao chanzo cha kifo chake hakijulikani hauvutwi. Wananchi wakae mbali, wazuie mbwa na mifugo, wamwarifu mwenyekiti wa LC1, polisi kwa namba 999 au 112, ofisi ya UWA iliyo karibu na daktari wa mifugo wa wilaya. Wataalamu watauteketeza au kuufukia kwa kina pale pale ulipolala. Aliyekwisha kuugusa aende kituo cha afya siku hiyo hiyo na aseme wazi alichogusa. Kimeta kikiwahiwa hutibika kwa dawa zilizopo, na muuguzi hawezi kukisia jambo alilofichwa. Tunajua kwa nini watu huficha: wanaogopa kuulizwa nyama ilitoka wapi. Kwa hili tunasema bila kuzunguka kwamba mgonjwa hutibiwa kwanza.

Turudi kwa mzee wetu na winchi yake. Tulimjibu kwamba kukodisha winchi si kosa. Aombe kuona kibali cha uwindaji na jina la msimamizi, awapigie UWA kuthibitisha. Makao yao makuu yako Kamwokya, na kuuliza hakugharimu kitu. Aandike katika daftari tarehe, jina la mkodishaji, namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya gari na mahali mashine inakokwenda. Vijana wakikasirika kwa kuulizwa, hasira yao ni jibu. Wakionyesha karatasi halali, awape mashine pamoja na kapi, ukanda mpana na pini za akiba, na awafundishe mahali pa kusimama, kwa sababu wengi wa wanaokodi hawajawahi kuiona kamba ikikatika.

Mzee aliyaandika yote nyuma ya bahasha. Kisha akauliza jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria: kamba ikirudi ina damu, afanye nini? Tulikwenda kumuuliza daktari wa mifugo, naye akatupa jibu. Kama mnyama aliwindwa akiwa mzima na akakaguliwa, kamba ioshwe kwa sabuni na maji mengi, ianikwe kivulini, na maji hayo yasimwagwe kwenye mfereji wanakonywa mbuzi. Kama ilifungwa kwenye mzoga uliokutwa umekufa, isirudishwe mjini. Huteketezwa shimoni pamoja na mzoga, hata ikiwa mpya, na mkodishaji huilipa.